Pete ya kubana: zoezi la mgongo na nyonga linaloenea kwenye mkeka mmoja

Ikiwa mgongo unakuuma kila unaposhusha dumu la maji, au mkojo unakuponyoka kidogo kila unapokohoa, makala hii ni yako. Ni yako pia wewe baba unayekaa barazani kutwa nzima ukingoja jibu la ofisi, na wewe bibi ambaye kuinuka kwenye mkeka kumekuwa kazi. Katika toleo hili tunazungumzia mazoezi yanayoitwa Pilates na kifaa chake kimoja kidogo, pete ya kubana. Utasoma namna ya kuitengeneza bila kuinunua, namna ya kuitumia, na wakati gani uiweke kando na kuja kituo cha afya.

Jina hilo lisikutishe. Halina uhusiano na Pontio Pilato wa Injili, ingawa inasimuliwa kwamba mwenye jina, alipokuwa mtoto, wenzake walimtania nalo.

Yalikomaa kambini

Joseph Pilates alizaliwa Ujerumani mwaka 1883. Alikuwa mtoto dhaifu mwenye pumu, na alianza mazoezi ya viungo ili apate nguvu kama wenzake. Alipokuwa mtu mzima alihamia Uingereza. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, serikali ya Uingereza iliwakusanya wanaume wa Kijerumani waliokuwa nchini humo na kuwaweka kizuizini. Hawakuwa wamefanya kosa lolote. Walishikwa kwa sababu ya uraia wao. Pilates alipelekwa Lancaster, kisha katika kambi ya Knockaloe kwenye kisiwa cha Isle of Man. Kambi hiyo ilifikia kuwa na wanaume zaidi ya 23,000, wakilala katika mabanda ya mbao yaliyozungushiwa nyaya za miba. Ilifungwa mwaka 1919.

Daktari mmoja wa Uswisi, Adolf Vischer, alizitembelea kambi za namna hiyo na kuandika juu ya hali aliyoiita ugonjwa wa nyaya za miba. Aliona watu ambao hawapati usingizi, wanakasirika kwa jambo dogo, wanasahau, na hawawezi kutuliza akili hata kusoma ukurasa mmoja mpaka mwisho. Kilichowaumiza kuliko vyote kilikuwa kutojua watatoka lini. Nani kati yetu hajamwona jirani wa namna hiyo?

Humo ndimo Pilates alipowafundisha wenzake mazoezi ya kufanywa sakafuni, polepole, kwa kufuata pumzi. Hapakuwa na vyombo vya gharama. Inasimuliwa kwamba kwa wagonjwa aliokota springi za vitanda na kuzifunga ili walale na kuvuta. Inasimuliwa pia kwamba mafua makali ya mwaka 1918 hayakumuua hata mmoja wa wanafunzi wake. Hadithi hiyo ya pili ni tamu lakini haina ushahidi, na sisi hatuisimulii ili uache chanjo au dawa. Mwaka 1926 alihamia New York, akafungua chumba cha mazoezi pamoja na Clara, mwenzi wake, na wacheza dansi waliokuwa na maumivu wakaanza kumfuata. Alifariki mwaka 1967.

Pete nayo ina hadithi yake: husemwa kwamba ya kwanza aliitengeneza kwa ukanda wa chuma unaofunga pipa la bia. Iwe kweli au la, ukanda wa pipa ukiubana kwa mikono miwili unarudi nje wenyewe, na hiyo ndiyo kazi yote ya pete. Za dukani siku hizi ni za chuma chepesi au plastiki ngumu, zimevishwa mpira, na zina upana wa sentimita 35 hadi 38, kama mdomo wa beseni la kuoshea vyombo. Pande mbili zina vishikio laini vya kuweka viganja au mapaja.

Kwa nini kubana?

Msuli hupata nguvu unaposhindana na kitu. Ukinyanyua mguu hewani tu, baada ya muda msuli umezoea na hauongezeki tena. Pete inakupa kitu cha kushindana nacho bila uzito wa kukuangukia na bila kuruka. Faida ya pili wengi hawaitarajii: pete inakuonyesha upande ulio dhaifu. Ukiibana kwa mapaja na ikaelekea kushoto, ujue mguu mmoja unafanya kazi ya miwili. Kwa mtu ambaye miaka mingi amebeba mtoto au ndoo upande ule ule, jambo hilo ni la kawaida sana.

Tusikudanganye kuhusu nguvu ya mazoezi haya. Mwaka 2015 wataalamu wa mtandao wa Cochrane walipitia tafiti 10 zenye washiriki 510 waliokuwa na maumivu ya kiuno. Waliona kwamba Pilates hupunguza maumivu kuliko kukaa bila matibabu au kwa matibabu kidogo tu, lakini hawakupata uthibitisho kwamba inashinda mazoezi ya aina nyingine. Kwa hiyo ikiwa tayari unalima, unatembea na unacheza ngoma bila maumivu, endelea. Haya tunayapendekeza kwa sababu nyingine: hayahitaji uwanja, viatu wala pesa, na mama anaweza kuyafanya amejifungia mlango.

Kutoka Kinama

Baadhi yenu mlizaliwa Kinama, kaskazini mwa Bujumbura, mahali ambapo mitaa midogo ina majina ya mikoa, Ngozi, Gitega, Muyinga, kana kwamba nchi nzima imekunjwa ikawekwa hapo. Wengine mna ndugu huko, au mnajiandaa kurudi. Mnajua kwamba watu wa Bujumbura hawahitaji kufundishwa mazoezi. Mbio za makundi za mwisho wa wiki, watu wakiimba na kupiga makofi kwa hatua moja, ni desturi ya jiji kwa miaka mingi. Kwa vijana wa kaskazini kipo Kituo cha Vijana Kamenge, kilichoanzishwa na wamisionari Waksaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya mitaa sita, Kinama ikiwemo. Wakati wa vita, wakazi wengi wa Kamenge na Kinama walihama makwao, na kituo hicho kilitumia viwanja vya mpira kuwakutanisha vijana ambao wazazi wao walikuwa hawasalimiani. Mwaka 2002 kilipewa tuzo ya Right Livelihood.

Lakini mbio zinataka barabara. Mwezi Machi 2014, baada ya ghasia kati ya polisi na wafuasi wa chama kimoja cha upinzani, serikali ya Burundi ilizuia mbio za makundi mitaani na kuelekeza zifanywe katika viwanja vilivyotajwa. Na hata barabara ikiwa wazi, mama mwenye watoto wanne haachi jiko saa kumi na mbili asubuhi kwenda kukimbia. Mzee mwenye magoti mabovu hakimbii kabisa. Tangu zamani hao wawili ndio waliosahauliwa tunaposema neno michezo, na ndio tuliowafikiria tulipochagua habari hii.

Kinama inatufaa pia kwa jambo lingine. Mwezi Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilizuiwa kuingia katikati ya Bujumbura, zikabaki kufanya kazi pembezoni. Palipo na baiskeli na matoroli pana fundi, na chini ya kiti cha fundi pana rundo la tyubu zilizochoka. Hapo ndipo pete yako ilipo, huko Kinama na hapa kambini.

Tengeneza yako

Tyubu ya gurudumu la toroli, ikitolewa kwenye tairi lake, ina upana unaokaribia ule wa pete ya dukani. Chagua isiyo na mpasuko; iliyozibwa kiraka kimoja au viwili inafaa. Osha kwa sabuni, kausha kivulini. Jaza upepo kidogo kidogo kwa pampu mpaka ipate umbo la duara na ibonyee unapoibana kwa viganja viwili. Ukiona sehemu moja inavimba kuliko nyingine, acha hapo na utoe upepo kidogo, kwa kuwa tyubu iliyo nje ya tairi haina kitu cha kuizuia na inaweza kupasuka. Kisha izungushie vipande vya kitenge kikuukuu toka mwanzo hadi mwisho. Kitambaa kinazuia mpira kukwaruza ngozi, kinanyonya jasho, na kinasaidia wale ambao ngozi yao huwashwa na mpira. Ile pua ya chuma ya kujazia upepo ielekee mbele wakati wote, isikae upande wa paja.

Huna tyubu? Mpira wa matambara ambao watoto huufunga kwa kamba na mifuko unafanya kazi nusu ya pete: unaweza kuubana, ila huwezi kuingiza miguu ndani yake na kusukuma nje. Kwa kusukuma nje, kata tyubu ya baiskeli urefu wa mkono mmoja, ifunge fundo iwe kitanzi cha kuzunguka mapaja. Tyubu iwe imeachwa na mwenyewe. Toroli la jirani likilala chini asubuhi, tusitajwe sisi.

Kwanza pumzi

Watu wengi hukimbilia kubana na kuruka sehemu hii, halafu wanasema zoezi halifai. Lala chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, nyayo zimekaa chini, zimeachana upana wa kiganja. Weka mikono kwenye mbavu. Vuta pumzi kwa pua na uhisi mbavu zinafunguka pembeni, mabega yametulia. Toa pumzi kwa mdomo polepole kama unayepoza uji wa moto. Unapotoa, vuta sehemu ya chini ya tumbo ndani kidogo, na wakati huo huo kaza chini kana kwamba unazuia mkojo na upepo visitoke. Makalio yasikakamae, uso usikunjwe. Ukivuta pumzi tena, legeza vyote. Fanya hivyo mara tano au sita kabla ya kugusa pete, hata ikichukua siku tatu kuzoea.

Usizuie pumzi kamwe wakati wa kubana. Kwa mwenye shinikizo la damu kubwa, kubana huku amezuia pumzi hupandisha shinikizo ghafla.

Sasa weka pete katikati ya mapaja, juu kidogo ya magoti. Vuta pumzi. Ukianza kuitoa, kaza chini kama ulivyojifunza, kisha bana pete kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Shikilia kidogo. Legeza kwa kuhesabu tatu vilevile. Kulegeza ndiko kwenye faida kubwa, na ndiko watu wanakokosea: wanaacha pete iwarushe miguu nje. Wewe ndiye uilegeze pete, isikulegeze yenyewe. Mara nane zinatosha kwa mwanzo, na usibane kwa nguvu zako zote. Nusu ya nguvu inatosha.

Ukishazoea, bana pete kidogo tu na uinue makalio kutoka kwenye mkeka mpaka mwili uwe mstari kutoka magotini hadi mabegani, kisha shuka taratibu, mgongo ukigusa chini pingili kwa pingili. Zoezi hili linaimarisha makalio na misuli ya kiuno, ile inayochoka unapoinama kwenye shamba au jiko la chini. Ukihisi tumbo linachomoza katikati kama paa la nyumba, hasa wewe uliyejifungua karibuni, shuka na ubaki kwenye zoezi la kwanza kwa wiki kadhaa.

Kwa upande wa nje, ingiza miguu yote miwili ndani ya pete ya tyubu au kitanzi, kikae juu ya magoti, na usukume magoti yaachane. Kwa mikono, kaa wima, shika pete mbele ya kifua kwa viganja vilivyonyooka, viwiko vikiwa vimekunjwa kidogo, ubane na kulegeza huku mabega yakibaki mbali na masikio. Mzee asiyeweza kulala chini na kuinuka afanye yote akiwa ameketi kwenye kiti imara au kigoda, pete katikati ya magoti. Goti lenye maumivu ya uzee hupata nafuu misuli ya paja inapopata nguvu. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika. Yakizidi na yakaendelea hadi kesho yake, punguza.

Dakika kumi na tano, mara tatu kwa wiki, ni mwanzo mzuri. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima kufanya mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, pamoja na dakika 150 au zaidi za mwendo wa kawaida kama kutembea kwa haraka. Safari zako za kisimani na za kuni zinahesabika katika dakika hizo, kwa hiyo wengi wenu mmekwisha timiza.

Mkojo unaoponyoka

Hapa tunasema na akina mama waziwazi, kwa sababu wengi hukaa na jambo hili miaka bila kumwambia mtu, hata muuguzi. Wanaacha kwenda kanisani au msikitini, wanakataa kukaa karibu na wenzao, wengine wanapunguza kunywa maji kwenye jua kali.

Chini ya kibofu, kizazi na utumbo kuna misuli iliyotandazwa kama kitanda cha kamba. Mimba na kuzaa huilegeza kamba hiyo. Ukikohoa, kucheka au kunyanyua mzigo, inashindwa kuzuia, na matone yanatoka. Mazoezi ya kukaza misuli hiyo, yakifanywa kila siku kwa miezi mitatu, huwasaidia wanawake wengi. Pete si lazima. Kinachoponya ni ule mkazo wa chini unaokwenda na pumzi, na kubana mapaja kunakusaidia tu kuukumbuka. Usijaribu zoezi hili kwa kukatiza mkojo chooni kila mara, maana kibofu hakimaliziki vizuri. Unaweza kulifanya ukiwa kwenye foleni ya chakula, na hakuna atakayejua.

Lakini kuna mkojo wa namna nyingine. Ukitiririka wakati wote, usiku na mchana, tangu ulipojifungua kwa uchungu uliochukua muda mrefu, hiyo huenda ni fistula: tundu kati ya kibofu na uke. Hakuna zoezi linaloziba tundu hilo. Linatibiwa, mara nyingi kwa upasuaji, na si laana wala si matokeo ya uzinzi. Nchini Burundi, Madaktari Wasio na Mipaka walifungua mwaka 2010 kituo cha Urumuri mjini Gitega kwa ajili ya wanawake hao, na huduma ikakabidhiwa baadaye kwa wizara ya afya. Nchini Tanzania hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam inajulikana kwa kazi hiyo. Njoo kituoni ueleze, tena bila watu wengine chumbani ukitaka hivyo, ili upewe rufaa.

Nani asubiri kwanza?

Mjamzito aliyepita miezi mitatu asilale chali kwa muda mrefu. Afanye akiwa ameketi au amelala ubavu. Aliyejifungua kawaida anaweza kuanza pumzi na mkazo wa chini mapema, mara anapojisikia vizuri. Aliyepasuliwa asianze kubana pete wala kuinua makalio mpaka zipite wiki sita hivi na mkunga amuone. Vivyo hivyo mwenye ngiri, mwenye kidonda cha upasuaji na aliyevunjika mfupa karibuni.

Na maumivu mengine ya mgongo hayangojei zoezi. Njoo siku hiyo hiyo ukishindwa kuzuia choo au mkojo ghafla, ukifa ganzi sehemu za siri na ndani ya mapaja, au miguu ikipoteza nguvu. Njoo pia usikawie ikiwa mgongo unauma zaidi usiku, pamoja na homa, jasho na kukonda, kwa kuwa kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo na dawa zake zipo. Mkanda wa kiuno unaouzwa sokoni hauponyi mgongo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno hauupendekezi.

Kwa wanaotaka kufanya pamoja: watu watano au sita, mikeka yao na pete mbili za kupokezana zinatosha. Akina mama huwa huru zaidi wakiwa peke yao, wamevaa suruali chini ya kitenge. Mwombe mhudumu wa afya wa jamii wa kijiji chako aangalie kipindi cha kwanza, hasa pumzi. Pete ikianza kulegea baada ya siku chache, itumbukize kwenye beseni la maji bila kitambaa, utazame mapovu yanakotoka, umpelekee fundi atie kiraka.